Bi Ghania na Karatasi Zenye Watu

Asubuhi hii nyumbani, binti yangu Aseel, wa miaka mitano, kachukua rasimu ya wasifu huu ili achore nyuma yake. Kaigeuza, kaitazama, kaniuliza, "Mama, hii ina watu?" Nikamwambia ndiyo. Kairudisha mezani, kaenda kutafuta nyingine. Hayo ni mafunzo ya Bi Ghania.

Bi Ghania Musallam anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha mafaili cha idara yetu hapa Oud Metha. Anahamia Hatta kwa mwanawe Marwan. Nimeachiwa nimwandikie mimi, Joweria wa chai na usafi, niliyeishia darasa la saba, kwa sababu wenye shule zao kila mmoja alisema ana kazi nyingi.

Karatasi alizotunza si za siri za nchi. Hizo zina kasha lake na watu wake. Yeye alishika zile za katikati: namba za pasipoti, barua za kliniki, orodha ya nani ana ufunguo wa mlango gani. Kila moja aliifunika kwa karatasi ya njano, akaipiga mhuri wa "Kwa kazi ya ofisi tu", akaandika aliyeichukua. Na miaka yote hiyo ninyi wenzangu mkaziacha kwenye mashine ya kunakili. Mkazipiga picha na kurushiana WhatsApp. Kuna hata aliyefungia sambusa za futari. Bi Ghania akilalamika, mkuu wetu Sir Hazim humwambia, "Khalas, basi, Bi Ghania, hii si siri." Naye hujibu vilevile kila siku: "Si siri, mwanangu, lakini ina watu."

Hata mimi nilimchosha. Miaka miwili iliyopita nilikuwa naokota kapuni karatasi zenye upande mweupe, nampelekea Aseel. Siku moja nikabandika ngamia wake ukutani jikoni, najivunia. Bi Ghania akamgeuza. Nyuma yalikuwa majina ya wenzetu walioomba likizo, na ugonjwa wa kila mmoja. Hakunishtaki. Jioni alipanda metro nami hadi kwangu Discovery Gardens, akakusanya michoro yote kumi na tisa, mtoto analia. Kisha akatoa mkobani bunda la karatasi safi, akaketi sakafuni na goti lake bovu, wakaanza ngamia upya, mmoja mmoja. Wa Bi Ghania walifanana na viatu.

Kesho yake akaanza kunifundisha chumba chake, nusu saa kila baada ya chai. Mhuri ukipinda, rudia. Jina likisahaulika, rudia. Kuna siku nilitamani nimfungie humo ndani. Sasa kapendekeza nikabidhiwe ufunguo Jumatatu, na Sir Hazim bado hajatia saini. Anasema Bi Ghania akiondoka, karatasi za njano nazo zipumzike. Zikipumzika, hao watu nani atawafunika?

Leo mtakula keki na kumsifu. Afadhali mngemfunikia karatasi moja tu kabla hajatoka mlangoni.

Bi Ghania, asante. Hata rasimu hii umenirudishia mara mbili kwa kuwa niliweka namba yako ya simu. Tunakutakia maisha mema huko Hatta, goti lipate nafuu, wajukuu wakushibishe raha, na kuhusu chumba chako usiwe na wasiwasi, maana mimi…

Samahani, naitwa. Ni Sir Hazim, kasimama kwenye mashine ya kunakili, anauliza karatasi za njano ziko wapi, anasema hii aliyoikuta hapo ina watu na…