Marehemu Alikuwa Muosha Boti

Tuanze na hili, lisije likaleta maneno baadaye. Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Brashi, alikuwa muosha boti. Hakuwa mfanyabiashara. Kaka yake mkubwa, aliyekaa pale mbele, alitaka tuandike hivyo, na tunamheshimu, lakini hapana.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea. Mama yake alikuwa akisema huyu alitoka tumboni kashika kiuno.

Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1977. Baba aliugua macho, cherehani ikanyamaza, na shule ikaishia hapo. Anayedhani kichwa kilikuwa kizito hakuwahi kubishana naye.

Kazi aliianza Januari 1984 kule gatini, ziwani, kwenye zile boti bapa za kutembeza wageni, zinazoelea juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Wiki ya kwanza tu akaharibu. Alikuta ute wa kijani umekaukia kwenye mapipa, akachukua brashi ya waya, akasugua kwa hasira zake zote. Ute ukatoka, na mng'aro ukatoka nao. Mwenye boti alipiga kelele mpaka abiria wa boti ya jirani wakashuka. Mwingine angepotea moja kwa moja. Yeye kesho yake alirudi na matambara na dawa ya kung'arishia, akasugua mpaka vidole vikavimba. Mikwaruzo mingine haikufutika, na hakuificha. Wafanyakazi wapya aliwapeleka kuiona: "Hii kazi yangu mimi. Leteni ujinga wenu, wangu msiuibe."

Tangu hapo boti ikipandishwa nchi kavu, ute aliutoa ungali mbichi, kwa brashi laini. Sabuni alipaka kuanzia chini kwenda juu isiache michirizi, akasuuza kuanzia juu, na ubavu ukikauka akaupaka nta. Aliyemharakisha alijibiwa: "Shika brashi au shika njia."

Tarehe 14 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi injini wa gati hilohilo. Siku alipopelekwa ukweni, shangazi wa bwana harusi alimpa mkono, akashtuka.

"Mwanangu, huu mkono au msasa?"

"Msasa, shangazi. Na mwanao kaupenda hivyohivyo."

Wifi mmoja akaangua kicheko, na nyumba nzima ikafuata. Walijaliwa watoto wawili. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuvimba. Daktari akamkataza kuinama na kubeba ndoo. Wiki ileile akaonekana gatini na brashi ya mpini mrefu. Bintiye akamfokea, naye akasema, "Daktari kakataza kuinama. Kusimama hakukataza."

Mei 2024 alilazwa. Nesi akauliza kazi ya mgonjwa. Kaka mkubwa akawahi: "Mfanyabiashara."

Marehemu, ambaye hata pumzi ilikuwa ya kuazima, akavuta chini barakoa ya oksijeni.

"Kaka, hebu tulia. Biashara gani? Nesi, andika muosha boti."

"Mdogo wangu, nakuwekea heshima."

"Heshima yangu nimeisugua mwenyewe. Usinipake rangi."

Nesi akaandika. Marehemu aliaga dunia tarehe 2 Juni, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Kwenye kikao cha msiba kaka mkubwa akalirudisha neno lake, eti watakuja watu wazito, watatuonaje. Binti akasimama. "Mjomba, mama alishakujibu." Mzee mmoja akakohoa, na mazungumzo yakahamia kwenye kukodi maturubai.

Marehemu ameacha binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watatu, kaka mkubwa aliyempenda kwa njia yake, na wenzake wa gatini, ambao leo wameacha boti zikiwa chafu wakaja hapa na mabuti yao ya mpira. Watu wazito wenyewe ndio hao.

Alale kwa amani mpendwa wetu. Na huko aendako, akiulizwa alikuwa anafanya kazi gani, mtu asimsemee. Atajibu mwenyewe.