Hillary Kipkirui, Aliyerudi Bila Joho

Marehemu Hillary Kipkirui, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, hapa Kiptere, hakuwa injinia. Nimeanza na hilo kwa sababu wengi mliovaa suti mmekuja kumzika injinia. Huyo hayuko. Aliye ndani ya sanduku ni ndugu yangu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 2001, mtoto wa pili wa Mama Leah Chepchumba na marehemu Mzee Kipruto. Mama alitoka shambani na kikapu cha majani mgongoni, akajifungua jioni hiyo hiyo. Labda ndiyo sababu Kipkirui hakuipenda chai. Alichuma kama kuku anayedonoa, mpaka Mama akawa anamfukuza arudi nyumbani akakamue. Kwa ng'ombe alikuwa hodari, na ng'ombe walimpenda.

Alisoma shule ya msingi hapa jirani tangu 2007 hadi 2014, kisha sekondari ya bweni upande wa Sigor, akamaliza 2018. Alipasi hesabu vizuri sana, na hapo watu ambao hawakuwahi kumsalimia wakaanza kumwita "kijana wetu." Mwaka wa 2021 alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa majengo nchini Poland. Baba mdogo Jonah akajiweka mwenyekiti wa kamati ya kumsindikiza. Kila mtu kwenye kamati alikuwa msemaji. Wa kusikiliza alikuwa mwenye safari peke yake. Aliambiwa mbele ya watu wote, "Kipkirui, usirudi mikono mitupu." Hakuna aliyemwambia avae soksi mbili.

Aliondoka tarehe 27 Septemba 2021. Mwaka wa kwanza alisoma lugha yao tu, na neno alilolijua haraka lilikuwa la kuomba msamaha, kwa sababu aliteleza kwenye barafu akawagonga watu kila asubuhi. Alikaa chumba kimoja na Onyiego, kijana wa Kisii, ambaye yuko nasi leo. Jumapili ya kwanza Kipkirui alinunua unga mweupe, akasonga ugali. Ulikuwa unga wa viazi. Onyiego anasema mwiko ulinasa, wakala mkate, na sufuria wakailoweka hadi Jumatano. Jioni alipeleka chakula nyumba za watu kwa baiskeli, ndani ya theluji. Darasani, muhula mzima, hakuna aliyekaa benchi lake. Alisoma hivyo hivyo, na mitihani alipita.

Huku nyumbani kundi la WhatsApp lilitaka picha. Akituma vitabu, kimya. Akituma theluji, mnashangilia. Mmoja wenu, namwona pale karibu na spika, alimwandikia, "Simama kando ya gari kubwa bana, tuone umefika." Alisimama. Gari lilikuwa la jirani, na picha hiyo mnaisambaza mpaka leo mkiandika kwamba mmempoteza tajiri.

Marehemu hakuoa. Wale wanaonong'ona wakiuliza mzungu wake yuko wapi, wanyamaze. Hakukuwa na mzungu.

Januari 2025, akiwa amebakisha mihula miwili, figo zilianza kumsumbua. Alimpigia Baba mdogo simu, nikiwa nimeketi hapo hapo: "Baba mdogo, mimi ni mgonjwa. Nakuja nyumbani." Baba mdogo akaenda kanisani akatangaza kwamba kijana amemaliza masomo. Akakodisha basi, akatafuta kwaya. Tarehe 6 Juni, uwanja wa ndege wa Kisumu, akasimama mbele na sotet yenye utepe, kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tunachompokelea mtu aliyerudi na ushindi. Kipkirui akatoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, shingo imebaki mishipa. Kwaya ikakata wimbo katikati. Baba mdogo akafunika kibuyu.

"Hii si ya mgonjwa," akasema. "Hii ni ya mtu ameshinda."

"Sawa, Baba mdogo," Kipkirui akamjibu. "Basi hata maji?"

Maji hayakuwepo. Mtu mzima na mvi zake alimfunikia mtoto maziwa ya kwao, na leo ndiye anawaonyesha wageni viti. Asisingizie mila. Mila yetu haijawahi kumnyima mgonjwa maziwa.

Nyumbani Mama alikuwa na kibuyu chake kidogo, hakina utepe. Kipkirui akanywa, akapangusa mdomo kwa mkono. "Mama, hii umeiweka lini?"

"Nilipokusikia kwa simu, sauti imekuwa ndogo."

Akaomba kikombe kingine.

Alipokuwa amelazwa Kericho aliniambia, "Nelvine, hao watu watanivalisha joho la mahafali. Tafadhali usikubali." Alifariki tarehe 6 Novemba, akiwa na miaka ishirini na minne. Jumatano iliyofuata Baba mdogo alituletea picha iliyotengenezwa kwenye saiba, duka la kompyuta la Kapsoit: kichwa cha Kipkirui juu ya joho la mtu mwingine, na chini imeandikwa "Injinia." Alitaka ikae kwenye jalada la programu hii ya mazishi. Picha mliyo nayo mkononi ni ile ameshika ndoo ya maziwa, anacheka. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Ameacha Mama Leah Chepchumba. Mimi dada yake, Nelvine Chepchirchir. Onyiego, aliyemfungia kamba za viatu siku ambazo hakuweza kuinama, akamsindikiza hadi mlango wa ndege. Na Baba mdogo Jonah, kwa damu.

Nasikia baada ya mahubiri kibuyu chenye utepe kitaletwa hapa kaburini. Baba mdogo, kiache kimefunikwa, mkono wako umeshazoea. Kipkirui alikunywa cha Mama, akashiba. Na alale kwa amani, yuko kwao.