Marcelino Kessy na Wenzake wa Mbio za Jangwani

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa, kabla ya kueleza alikozaliwa marehemu, familia inakiri kwamba liko jambo moja katika maisha yake ambalo haijalielewa hadi leo, nalo ni kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye duka na watoto wanne, ambaye hakuwahi kukimbilia hata basi, aliamka alfajiri ya Jumatatu tarehe 7 Oktoba 1974, mwaka ule wa foleni za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao hakuna aliyekuwa na shibe ya kupunguza, akavaa bukta, akatoka mbio kuelekea Jangwani. Kila mkewe alipomwuliza, alijibu, "Najinyoosha tu, Mama Pius," na jibu hilo hakulibadili mpaka mwisho.

Marehemu Marcelino Leodegar Kessy alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Uru, Moshi, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Leodegar, akasoma shule ya misheni ya kijijini kuanzia mwaka 1943 hadi 1949, akasaidia kazi za kahawa nyumbani, na mwaka 1953 akateremka Dar es Salaam, akapokewa na Mzee Jamnadas, mfanyabiashara wa vipuri Gerezani, aliyemfundisha kutambua bolti kwa kuigusa na kumnyamazia mteja anayepandisha sauti. Mwaka 1962 alifungua duka lake mwenyewe Mtaa wa Msimbazi, ambalo wengi wenu mmeingia, na wachache mmetoka bila kupunguziwa bei.

Tarehe 10 Januari 1959 alifunga ndoa takatifu na Mektilda, mzaliwa wa Kilema, wakajaliwa watoto wanne, Pius, Theophil, Anastella na Wilbert. Ilikuwa ndoa tulivu, ya watu wawili wasio na maneno mengi, hadi zilipoanza mbio hizo. Mektilda mwenyewe ameomba jambo hili lisifichwe, kwa kuwa Kariakoo nzima inalijua: aliona wivu. Alimwona mumewe akirudi ametota jasho, uso umechanua, akajiambia kwamba uso wa namna hiyo hauletwi na barabara peke yake. Asubuhi moja akavaa raba za Pius, akazijaza matambara mbele zisimtoke miguuni, akamfuata, na vibarazani watu wakaulizana, "Mama Pius anamfukuza nani?" mwingine akajibu, "Mumewe. Angekuwa mwizi tungemsaidia."

Bondeni Jangwani aliwakuta watu kumi na kitu, wake kwa waume, wakienda mchakamchaka, mbele yao Bi Celina, mjane na mshonaji wa Msimbazi, akianzisha wimbo, na marehemu akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Hapo ndipo moyo ulipomchoma kweli, kwa maana kama ni mwanamke tu, angejua namna ya kumchukia, lakini katika miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kumsikia mume wake akiimba.

Akajiunga nao ili alinde ndoa yake, na katika kulinda akawauliza mmoja mmoja kilichowatoa kitandani. Bwana Kishor, muuza vitambaa, alisema mkewe Ranjanben alimpa kuchagua, apunguze tumbo lile linalomkoromesha au ahamie kulala dukani. Hamis, mchukuzi wa sokoni ambaye hubeba magunia kutwa, alimwambia, "Mama, chini ya gunia miguu hii ni ya tajiri, huku ni yangu." Bi Celina alisema kwamba hiyo ndiyo safari yake pekee ambayo wakwe hawamwulizi anakwenda wapi, swali lile lile ambalo Mektilda alikuwa akimwuliza mumewe kila alfajiri. Aliwaelewa wote, na kuwaelewa hakukumpunguzia wivu hata kidogo. Miguu yake ikakolea, na siku alipompita marehemu, akatangulia na Hamis hadi darajani wakicheka, marehemu alirudi amenuna, chai hakuigusa, akauliza, "Nani kakufundisha kukimbia hivyo?" Mektilda anasema ni siku chache katika ndoa yao zilizompa raha kama ile.

Mwezi Novemba 1982 marehemu alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni kansa ya ini, akalazwa mara mbili, na wenzake wa mbio wakapokezana kumpelekea uji, naye Mektilda akawashukuru, kisha akapika wa kwake, mzito zaidi. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Mei 1983, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Msimbazi mliolala msibani, wafanyabiashara wenzake wa Gerezani, na hao wenzake wa mbio, ambao hawakumwacha.

Kuhusu maziko, wenzake hao waliomba, kwa kinywa cha Bwana Kishor, azikwe Kinondoni, waweze kumtembelea, na Bi Celina akaongeza kwamba wao ndio waliomjua akiwa na furaha. Marehemu hakuacha neno. Wazee walitaka kulipima jambo hilo, Mektilda akasema, "Wamemwimbisha miaka minane, mimi hakunibakizia hata ubeti. Kaburi ni langu." Imeamuliwa kwamba atazikwa Uru, shambani kwa baba yake. Wenzake watambeba kwa miguu na kwa nyimbo zao hadi stesheni ya reli, na getini wimbo utakoma, garimoshi watapanda ndugu peke yao. Ujumbe huo Mektilda hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe jana mchana, akasimama mbele ya cherehani ya Bi Celina, akausema wote, Bi Celina akainamisha kichwa, akakubali.

Lala kwa amani, Marcelino Kessy, mume wa Mektilda.