Historia ya Marehemu Sylvain Muhindo, Aliyetuficha Mwisho wa Mchezo

Padri wetu, Papa zetu, Mama zetu, majirani wa Kirotshe nanyi mliotembea kwa miguu kutoka Masisi, mimi ni Émilienne Masika, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome, nami nitasoma ingawa bado nimemkasirikia.

Ndugu yetu Sylvain Muhindo alizaliwa Mpofi, Walikale, tarehe 3 Agosti 1979, mtoto wa Papa Védaste, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, na Mama Béata, ambaye yuko hapa mbele yenu. Alisoma shule ya msingi palepale Mpofi, 1985 hadi 1991, akaendelea na sekondari, lakini Novemba 1996 vita vilifunga shule, tukakimbilia porini, na huko mdogo wetu Anne, wa miaka minane, akatupotea, hatujamwona mpaka leo.

Mwaka 2000, tukiwa tumehamia Masisi, Papa alimtuma Goma kuleta chumvi na sabuni za duka, naye akarudi na televisheni, mashini ya michezo ya video na CD za Kijapani, akakodi chumba cha michezo palepale Masisi, vijana wakimwomba mchezo wa mpira, yeye akiwawekea hadithi ndefu za safari, ambamo hata kwenye vita kila mtu anangoja zamu yake ya kupiga, kama sisi kwenye bomba la maji. Nilipothubutu kusema michezo hiyo yote ni ileile, alinishikilia mchana mzima: katika huu unazungumza na adui naye anakuwa mwenzako, katika ule shujaa anaoa, anazeeka, na mtoto wake anaendeleza safari, mwingine hauna vita kabisa, unalima na kupika, Wajapani kila mara wanabuni jipya. Chumvi hatukuiona.

Kijapani hakujua hata neno moja, maneno yote alitutungia mwenyewe, nasi tukaamini. Mama alishikwa na mchezo mmoja, wa binti anayetafuta njia ya kurudi kijijini kwao, kila jioni akiuliza, "Ule mutoto ameshafika kwao?", naye Sylvain akijibu, "Bado, Mama, iko njiani," kisha kesho yake anatafuta CD nyingine.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Fifi hapa Kirotshe, Mungu akawapa Bienvenu na Elisabeth. Oktoba 2007 vita vilipotufukuza Masisi, Fifi alibeba watoto na sufuria, mume wake akabeba mashini, godoro likabaki, na hilo sijamsamehe.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2008, akalazwa hospitali, akafariki tarehe 19 Februari 2009, na hata kitandani alimwambia Mama kwamba binti yuko njiani.

Jana kwenye matanga Fifi alitueleza kwamba Sylvain aliufikia mwisho wa mchezo ule zamani, akiwa peke yake, na binti hafiki, na katika CD zote zile zilizotuchosha alikuwa akitafuta mchezo mwingine ambamo mtoto anarudi, amwonyeshe Mama. Mtu aliyetutungia kila kitu miaka yote hiyo, mwisho mmoja tu ukamshinda kuutunga. Mama akaomba mashini isiuzwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokea na kutupikia, na vijana wa chumba cha michezo waliobeba jeneza.

Sylvain, zimebaki CD ambazo hukuwahi kuzifungua, tutaziangalia na Mama, na safari hii maneno nitayatunga mimi. Wewe pumzika kwa amani, ndugu yangu, mtoto atafika.