Kiti cha Kupigana na Nduaro

Ukitaka kupotezwa na watu wenye uhakika, kaa benchi la nje ya karakana ya Patrobas, Kariobangi. Asubuhi hiyo Fowsiya, muuza kahawa wa hapo, alikuwa amemimina kahawa chungu, na wajuaji wawili walikuwa wamekodolea macho kiti cha chuma kilichokazwa chini kwa bolti. Patrobas, fundi wa mageti, alikuwa amekichomelea wiki tatu kwa oda ya mwenye boti ya watalii huko Watamu. Mvuvi angejifunga mikanda hapo apigane na nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Kikikubalika, angepewa oda ya vingine sita. Mjumbe wa mwenye boti alikuwa njiani, na Patrobas, jamani, hata andazi lilimshinda kumeza.

— Hakitang'oka kweli? aliuliza.

— Kiti kiko poa, alisema Okumu, waliyemwita Mbuta, jina la samaki, kwa hadithi zake za ziwa. Shida ni mshipi wa kuvulia. Nduaro ni kilo mia tatu, buda! Weka waya wa klachi.

— Waya utakatika, alisema Gachanja, mekanika, jina la mtaa Spana. Weka cheni ya kuvuta malori. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Akiuma tu, mnamkunja!

— Mtamkunja na nani? alisema Mbuta. Huyo anachoshwa. Unamwachia mshipi akimbie, unavuta, unamwachia. Masaa manne!

— Masaa manne ya nini? Funga mshipi kwa boti, piga gia, buruta yeye mpaka hoteli.

— Wacheni mdomo, tujaribu, alisema Patrobas.

Akajifunga mikanda, akashika kamba. Mbuta akashika ncha ya pili, akawa nduaro: akavuta, akaruka, akagaagaa vumbini na suruali yake ya kanisa. Kiti hakikutikisika.

— Hiyo ni kazi, manze! Spana alipiga makofi. Nilikwambia uchomelee kila mahali!

Patrobas akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Hapo pikapu ikasimama, akashuka mwanamke mwenye risiti ya oda mkononi.

— Naitwa Nerima, nimetoka Watamu. Ni kizuri, aki. Sasa samaki akizungukia upande ule mwingine, mvuvi atamfuata vipi?

Mbuta, kamba mkononi, akaenda nyuma ya kiti polepole. Patrobas akageuza shingo, akageuza bega, mkanda ukamkaba; kiti chenyewe hakikugeuka. Akamtazama Spana. Spana akaanza kukagua kiatu chake.

— Madam, alisema Patrobas kwa aibu, mimi ni mtu wa mageti. Geti halikimbizi mwizi.

Nerima alicheka mpaka akashika pikapu.

— Basi hiki kikimbize. Narudi saa kumi.

— Nifungueni! alipaza sauti Patrobas. Spana, lete grinda tukikate miguu kiweze kuzunguka, na usiniambie kitu!