Maisha ya Mama Germaine Kalenga, Mwenye Kufuata Fisi Maji

Ndugu na jamaa, ba pastoro, ba headman wa Kabuta, na nyinyi wote mliovuka maji kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Hervé, mdogo wa marehemu, na jamaa imenituma nisome maisha ya yaya yangu, dada yetu mkubwa. Asubuhi hii niliombwa niondoe mistari fulani kwa heshima ya wageni, sikuiondoa.

Mama Germaine alizaliwa Pweto, Congo, tarehe 14 Machi 1984, mutoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi pale pale, akaendelea Lubumbashi katika section ya biologie na chimie, akapata diplôme yake mwaka 2003. Tangu 2005 alifundisha biologie huko Pweto, katika darasa lisilo na hata microscope moja, na wanafunzi wake wanakumbuka alivyowapeleka ziwani na beseni aliyoikata chini na kuibandika kioo cha dirisha, ili waone samaki wakiwa hai kwenye maji yao.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu Félix Kalenga, aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawapa watoto wawili, Gloire mwaka 2010 na Dédé mwaka 2013. Septemba 2017 vita iliwafukuza, wakavuka mpaka, wakapita Chienge kwa miguu, wakapokelewa katika kambi ya wakimbizi hapa Nchelenge, wakalima muhogo, na kisha wakahamia Kabuta, ambako yaya alikuwa akiuza samaki wakavu.

Ni hapa Kabuta alipoona wavuvi wakiua fisi maji kwa fimbo, wakisema mnyama huyo anamaliza samaki na kupasua nyavu. Yaya hakubishana nao. Alianza kuokota kinyesi cha fisi maji juu ya mawe, akakitia ndani ya soksi ndefu za wanawake, akakifua katika beseni kama mutu anavyofua nguo, akamimina mabaki katika kichungio cha chai, akatenga mifupa na magamba kwa kibano cha nyusi, kila kitu katika kishimo chake ndani ya chombo cha kugandishia barafu. Wanawake wa soko walimcheka, walisema mkimbizi huyu amepata kichwa kibaya. Baada ya miezi kumi na nane akawaita wavuvi, akamwaga mbele yao gunia zima la magamba ya kaa, mifupa ya samaki ilijaza kikombe kimoja tu, akawaambia: «Huyu munamuua kwa bure. Anakula kaa.» Ba Mwaba, mvuvi mkubwa wa hapa, aligeuza yale magamba kwa mikono yake kwa muda mrefu, na tangu siku ile fimbo zilipumzika.

Mwaka 2021 mradi wa kuhesabu wanyama wa ziwa ulimwajiri, si kwa barua bali kwa mdomo, kama kibarua. Wakubwa walikuja, wakapiga picha soksi zake na beseni yake, wakabeba madaftari yake manne, na mwaka uliofuata ikatoka ripoti nzuri yenye majina kumi na moja. Jina lake halimo. Siku ya mkutano wa kuieleza ripoti hiyo kule Lusaka aliambiwa hana karatasi za kusafiri, akabaki, na mutu mwingine akaeleza kazi ambayo mikono yake haikuigusa hata mara moja.

Mwaka huu walimtuma mara nyingi kisiwani Chisenga, katika mtumbwi wa mota, wakati wa upepo mkali. Mara tatu aliomba gilet za kuelea majini, kwa ajili yake na wenzake. Mara ya tatu Bwana Eddy, coordinateur, msimamizi wa mradi, alicheka, akamjibu mbele ya wote: «Mama Germaine, si weye unajua kutengeneza kila kintu na bintu bya ku nyumba? Basi tengeneza na gilet!» Naye aliitengeneza. Alifunga bidoni nne tupu za mafuta ya kupikia kwa kitenge, mbili kifuani, mbili mgongoni, ikatoka gilet moja tu, kwa sababu bidoni zaidi hazikupatikana.

Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025 upepo uliupindua mtumbwi wao katikati ya maji. Claire, mwenzake wa kazi, ambaye hajui kuogelea, anasema yaya alifungua kile kitenge, akamfunga yeye, akasema: «Kamata nguvu, usiachie.» Claire yuko hai, amekaa pale nyuma, na asione haya. Ba Mwaba ndiye aliyemvuta yaya kutoka majini, lakini maji yalikuwa yameshaingia mapafuni, homa ikamshika, na Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, alikata roho hospitalini, mkono wake ndani ya mkono wa Félix, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Tunamshukuru Docta Chisomo na wauguzi ambao hawakukaa chini siku mbili, tunawashukuru majirani waliopika, kwaya, na wavuvi wote wa Kabuta. Ofisi ya mradi imeleta shada la maua lenye maandishi yanayomsifu kama «mama aliyejua kufanya kazi bila kitu». Shada hilo tumelirudisha. Yaya hakupenda kufanya kazi bila kitu, alinyimwa, na sifa hiyo ndiyo iliyomzamisha.

Bwana Eddy, uko hapa, sikia. Ba Mwaba na wenzake wameuvuta mtumbwi wa mradi mpaka juu ya mchanga, wametoa mota, imewekwa kwa headman. Itatoka siku ambayo kila mutu anayepanda atavaa gilet, na ripoti itakuwa na jina la kumi na mbili, limeandikwa kamili: Germaine Kalenga, mwalimu, wa Pweto na Kabuta.

Yaya, weye umechoka, lala. Sisi hatujalala.