Teisandro wa Akarnai, Aliyecheza Mwanamke Mateka

Marehemu Teisandro, mwana wa Mnesioni, alizaliwa kijijini Akarnai mwaka ule walipoanza kupandisha mawe ya hekalu kubwa juu ya mwamba. Alikuwa mtoto wa pekee wa dada yangu Filina. Baada ya mkunga, mikono ya kwanza kumpokea ni hii hapa, na haijawahi kuangusha kitu isipokuwa kikombe.

Alisoma herufi na kinubi, akamaliza vyote. Mimi niliishia herufi ya saba, nikaona zinatosha. Alipotimiza miaka kumi na sita vita vilianza, adui akachoma mizabibu yetu, tukahamia mjini, kati ya zile kuta mbili zinazoshuka bandarini. Tulilala watu tisa kwenye kibanda kimoja. Tauni ikatukuta humo humo, ikamchukua dada yangu. Nje mikuki, ndani homa. Tangu hapo marehemu hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa.

Alikuwa mchoma makaa, na jiji lilipomwita, askari. Alimwoa Kleito, binti wa Sostrato, wakajaliwa Mnesioni mdogo, ambaye sasa ana miaka sita.

Majira ya baridi yaliyopita alikuwa kwenye kikosi kilichokizingira kile kisiwa kilichokataa kuwa upande wetu. Tulipiga kura: wanaume wauawe, wanawake na watoto wawe watumwa. Mimi niliunyoosha mkono juu kuliko wote. Marehemu aliwekwa mlangoni mwa ghala walimofungiwa wanawake. Alirudi na mmoja wao, Nanno, kama mgawo wake.

Miezi michache baadaye, tajiri aliyebebeshwa gharama za kwaya ya tamthilia alimchagua awe mmoja wa wanaume kumi na watano watakaocheza wanawake wa mji uliochomwa. Kukataa hakuruhusiwi. Basi akawa anafanya mazoezi ya kuomboleza uani, Nanno akisaga shayiri pembeni.

"Bwana, unalia kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Basi lia wewe nikusikie."

"Mimi nilishalia. Ulikuwepo, umeshika mkuki mlangoni."

Kleito anasema siku hiyo hakula. Asubuhi yake marehemu alikuja kwangu.

"Mjomba, nataka Nanno awe huru. Kabla ya tamthilia, watu husimama na kuwatangaza watumwa wao. Mimi nitakuwa nyuma, nimevaa barakoa. Utanisemea?"

"Mpwa wangu, sauti hii inafika hadi mji wa Megara."

Siku ya kumi ya mwezi wa Elafeboli, sikukuu ya Dioniso, mungu wa divai, nilikaa safu ya sita. Yatima wa vita walipopita na silaha walizopewa na jiji, nilianza kumsimulia jirani jinsi nilivyozamisha meli kwa kasia moja. Nilipogeuka, mpiga mbiu ameshafunga matangazo na kwaya inaingia. Marehemu alicheza mpaka mwisho, na ndani ya barakoa hakuna pa kufutia machozi. Watu walikisifu sana kilio chake.

"Mjomba, nilitega sikio."

"Kulikuwa na jirani."

"Jirani gani huyo, mkubwa kuliko uhuru wa mtu?"

"Mwakani," nikamwambia.

Mwakani haikufika. Homa ilimshika siku ya tatu ya mwezi huu wa Boedromioni, akafariki siku ya tisa, mlango ukiwa wazi, akiwa na miaka thelathini na moja. Kauli yake ya mwisho, mbele ya Kleito na baba mkwe wake: "Mjomba, safari hii usikae karibu na mtu."

Kwa sheria Nanno amekuwa mali ya mtoto, na mlezi wa mtoto ni Filoni, baba mdogo wa marehemu. Filoni alikwishamwita dalali amuuze. Jana nilimketisha Filoni tangu asubuhi nikimsimulia vita vyangu vyote, pamoja na ile meli, mpaka jua likielekea kuzama akasema, "Mtangaze, ila unyamaze."

Nimesimama peke yangu. Sikilizeni: Nanno, binti wa Arkesi, ni huru.

Sheria inawaruhusu ndugu tu kuomboleza hapa. Nilimwambia Nanno kwamba akitaka kulia tutajifanya hatukusikia. Akasema, "Mzee, mimi nilishalia." Nikamuuliza atakwenda wapi. Kisiwani kwao tumegawana mashamba, wanalima watu wetu. Akasema atabaki kwa Kleito, mradi mlango usifungwe.

Marehemu ameacha mke, Kleito, mtoto, Mnesioni, baba mdogo, Filoni, mjomba, Kefiso, ninayesema haya, na Nanno, mtu huru asiye na kwao.

Udongo umlalie mwepesi, na apumzike mahali pasipo na ukuta.